Utafiti wa Afya Ughaibuni na Haki ya Mke Aliyebaki Nyumbani

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Niko nchi ya mbali katika utafiti wa kifua kikuu, tukiwafuatilia wagonjwa wanaomeza dawa kwa miezi sita. Mke wangu aliridhia niondoke kwa miezi sita. Wagonjwa wengine wamesajiliwa kwa kuchelewa, mradi umeongezewa muda wa miezi minane, nami nimetia saini kabla ya kumwambia. Tangu alipojua, analia kila nikimpigia simu. Je, nina dhambi, ilhali kazi hii inaokoa maisha ya watu?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu muulizaji, kazi yako ni ya kheri kubwa, na Allah amesema katika Suratul Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Hata hivyo, ubora wa kazi hauondoi haki ya mke, na ushahidi ulio wazi katika jambo hili umetoka kwa Umar bin al-Khattab, khalifa wa pili wa Waislamu, Allah amridhie. Imepokewa kwamba katika doria zake za usiku alimsikia mwanamke akisoma beti za kulalamikia upweke, mumewe akiwa vitani. Umar akamwuliza binti yake Hafsa ni muda gani mwanamke huweza kumsubiri mumewe, naye akajibu: miezi minne au sita. Umar akaamua wanajeshi wasizuiliwe zaidi ya muda huo. Zingatia kwamba wale walikuwa katika jihadi, na bado hakusema utukufu wa kazi yao uwanyamazishe wake zao. Wanachuoni wa Kihanbali, moja ya madhehebu manne ya Sunni, wameitegemea riwaya hii, wakasema mume asiye na udhuru asikae safarini zaidi ya miezi sita ikiwa mkewe anamtaka arudi.

Safari yako ya kwanza, kwa kuwa mke aliridhia na ukamwachia matumizi yake, haina ubaya. Kosa liko katika nyongeza, kwani ridhaa yake ilikuwa ya miezi sita, nawe umeichukulia kuwa ya miezi kumi na minne. Wewe mwenyewe humchukui mgonjwa makohozi kabla hajasomewa fomu na kuridhia, na humwambia kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Basi mkeo, ambaye Qur'ani imemwita vazi lako, ana haki zaidi ya kuulizwa. Muombe radhi kwa kutomshauri, bila kutanguliza sababu za mradi, kisha mweleze yote na umsikilize mpaka amalize. Wala usimpigie usiku huku ukiingiza majibu ya madodoso kwenye kompyuta na kumjibu kwa "ndiyo" na "sawa". Hilo linaumiza kuliko kutopiga kabisa.

Wagonjwa nao wana haki juu yako, kwa sababu umeahidi kuwafuatilia mpaka wamalize dawa, na ahadi ni deni. Kwa hiyo sikuambii ufunge mizigo kesho. Waombe wasimamizi wakupe likizo kabla ya kuanza muda wa nyongeza, au wamruhusu mkeo aje mkae pamoja, au wakupe mwenzako utakayemkabidhi wagonjwa waliobaki kwa utaratibu. Mara nyingi milango hii ipo, ila watu huona haya kuibisha.

Akiridhia kwa moyo mkunjufu, baki umalize. Akikataa, na akapatikana mtu wa kukupokea kazi, basi kabidhi kazi urudi, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba safari ni kipande cha adhabu, na aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa ahali zake. Akikataa na asipatikane wa kukupokea, baki kwa kiasi cha dharura tu, mtajie tarehe ya kurudi, na usiiongeze tena bila yeye.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.