Bomba la Jikoni Linalodondosha Maji Hata Likikazwa

SWALI: Bomba la jikoni kwangu linadondosha maji usiku na mchana. Nimekuwa nikilikaza kwa nguvu zaidi kila siku, na sasa hata nikitumia mikono miwili halikatiki. Nilifunga koki ya kwenye mita ili nilifungue, lakini maji yakaendelea kutoka, nikaogopa. Je, ninunue bomba jipya? – Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue bomba jipya kwanza. Ikiwa ni bomba la kuzungusha, kilichochakaa kwa kawaida ni washa, yaani kipande cha mpira kilichopo kwenye ncha ya mhimili (kijiti cha ndani kinachozungushwa na kishikio), ambacho hukandamizwa juu ya ukingo wa shaba ili kuziba tundu la maji. Nakusihi uache kulikaza kwa nguvu, kwa sababu unazidi kuukata mpira huo, na ukingo nao ukishalika, hata washa mpya haitazuia maji.

Kuhusu maji yaliyoendelea kutoka, nyumba nyingi za Moshi zina tanki la akiba juu, na kama jiko lako limeunganishwa nalo, maji yatashuka yenyewe hata ukifunga kwenye mita. Funga pia koki ya bomba linaloshuka kutoka kwenye tanki, kisha acha bomba la jikoni wazi mpaka maji yakauke kabisa. Kabla ya hapo usiguse spana.

Ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Bandua kifuniko kidogo cha juu, fungua skrubu, chomoa kishikio, kisha legeza nati kubwa kwa spana huku mkono wa pili ukishikilia bomba lisizunguke na kulegea ukutani. Mhimili ukitoka, utaiona washa nchani mwake, mara nyingi ikiwa imechimbika mduara na kuwa ngumu. Nenda nayo dukani, kwa kuwa washa zinazouzwa kwa jina la nusu inchi hutofautiana unene na upana wa tundu la kati. Ingiza kidole ndani ya bomba uupapase ule ukingo: ukiwa laini, endelea; ukiwa na mikwaruzo, mwite fundi mwenye kifaa cha kuusawazisha.

Unaporudisha mhimili, uache katika hali ya bomba lililofunguliwa, kwani ukikaza nati huku umeshuka hadi mwisho, utaikandamiza na kuiharibu washa mpya.

Bomba la mkono mmoja wa kuinua ni tofauti: mengi hutumia katriji ya seramiki, yaani kifaa cha ndani kinachofungua na kufunga maji, ambayo hubadilishwa nzima. Zilizozoeleka ni za milimita 35 na 40, hivyo beba ya zamani kama kipimo.

Mwishowe fungulia maji taratibu. Yakivuja chini ya kishikio badala ya mdomoni, washa haina kosa. Kaza nati kidogo, na yakiendelea badilisha mpira wa duara unaozunguka mhimili.