Kumwandika Elfi Aliyetengwa Katika Riwaya ya Vijana ya Mombasa

Miswada mingi ya aina hii hufia kwenye masikio. Mwandishi humpa elfi, kiumbe wa ngano anayefanana na mtu na kuishi miaka mingi, masikio yaliyochongoka, humfunika kofia, wanafunzi wenzake humcheka, basi, kutengwa kumekwisha kuelezwa. Msomaji wa miaka 15 haridhiki. Yeye anajua kwamba mtu hutengwa kwa mambo madogo ya kila siku: nani humpisha barazani, nani humjibu salamu kwa nusu mdomo, nyumba ipi haalikwi futari.

Kabla ya sura ya kwanza, andika mambo matatu kwenye karatasi moja: kinachomuumiza elfi wako, anachoweza kufanya, na anacholipa kila anapokifanya. Yakizidi matatu, wewe mwenyewe utayasahau ukifika sura ya nane, na kijana anayesoma hasahau.

Anza na kinachomuumiza. Katika ngano za Ulaya ya kaskazini, anakotoka elfi, viumbe wa jamii yake hukimbia chuma. Waandishi wengi hukitaja mara moja, kwenye upanga, kisha wakakiacha. Mombasa haitakuruhusu kukiacha. Feri ya Likoni ni chuma kitupu. Matatu ni chuma, kontena za bandari ya Kilindini ni chuma, na kila ghorofa ya simiti ina nondo ndani ya nguzo zake. Sasa jiulize alale wapi. Jibu liko Mji wa Kale. Nyumba kongwe za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa upana hufuata urefu wa boriti, kama mita 2.5 hadi 3. Ukuta hauna nondo. Lakini nyingi siku hizi zimeezekwa mabati, kwa hiyo mpe chumba cha chini, giza na unyevu, ambacho hakuna mpangaji mwingine anayekitaka. Hapo umepata makao, sababu ya kuyang'ang'ania, na tishio: mwenye nyumba anataka kubomoa ajenge ghorofa.

Pima maumivu na usibadilishe kipimo. Kwa mfano, msumari unamchoma kidole, robo saa ndani ya matatu inamletea kichefuchefu, kuvuka Likoni kunamlaza hadi kesho yake. Makosa hujificha jikoni. Sufuria ya alumini haimdhuru, ila kisu na karai la kukaangia viazi ni chuma. Kijiko cha stili kiamulie mapema, maana stili nayo ni chuma, na kuna msomaji atakayeuliza.

Umri ndio utajiri mwingine, na hapa Kiswahili kinakufanyia kazi ambayo lugha nyingi haziwezi. Tuseme elfi ana miaka 140 na uso wa kijana wa 16. Bi Mwanaisha wa nyumba ya pili ana miaka 70, na elfi aliwahi kumbeba mgongoni alipokuwa mchanga. Leo Bi Mwanaisha anangoja kuamkiwa. Kijana akipita kimya, hana adabu, na habari itafika mtaa wa pili kabla ya adhuhuri. Usiandike aya nzima ya uchungu. Mwache aseme, "Shikamoo, Bi Mwanaisha," ajibiwe, "Marahaba, mwanangu," kisha endelea na tukio.

Kuna shida ya kutatua hapo. Kijana asiyeota ndevu miaka mitano huonekana, kwa hiyo lazima ahame, naye hawezi kulala kwenye ghorofa. Mpeleke Lamu, kwenye nyumba za mawe kama hizo, akae miongo kadhaa, kisha arudi akijiita mjukuu wa yule wa zamani. Safari yenyewe nayo ina historia. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, ulikuwa ukipita pwani hii utotoni mwake. Mitepe imetoweka, na majahazi yana misumari. Kila safari aliyofanya baada ya hapo inamgharimu zaidi. Ukihitaji sababu ya yeye kukwama Mombasa, ichukue hiyo. Ina nguvu kuliko laana yoyote.

Waliomfukuza, yaani maelfi wenzake, wawe na kosa la kumshika nalo. Aliyefukuzwa kwa kuzaliwa tu humpa msomaji huruma ya kurasa kumi, halafu hana la kufuatilia.

Majirani hawatamwita elfi. Watasema ni jini. Mmoja atafukiza ubani, mwingine atamwita mwalimu aje kusoma, mwingine atamwandikia kombe, yaani aya zilizoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, ili anywe. Waandike kwa heshima. Wanamlinda mtoto wao kwa njia wanazozijua, na rafiki wa elfi anaweza kuwa mtoto huyo huyo.

Angalia mwanga pia. Machweo marefu ya samawati ni ya kaskazini. Hapa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na giza huingia kwa dakika kama 20, kwa hiyo tukio la utusitusi halibebi mazungumzo ya kurasa sita.

Kwa urefu, maneno 35,000 yanatosha. Kiswahili hubana nafsi, wakati na mtendwa katika neno moja, basi usishindane na idadi za riwaya za Kiingereza. Sura ya maneno 2,000 husomeka vizuri.

Rasimu ya pili wape vijana watatu wa miaka 14 hadi 17, nawe usiwaeleze chochote. Waulize walichoka wapi, walimchukia nani, na elfi hawezi kufanya nini. Wakishindwa swali la mwisho, sheria zako zimebaki kwenye maelezo bila kumzuia mhusika popote. Rudi sura ya tatu na ya nne, ndiko sheria huzama mara nyingi, utafute mlango mmoja ambao alipaswa kushindwa kuufungua.