Kumwandikia mdogo wangu uwakala wa nyumba na shamba

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko kazini Muscat, nina nyumba na shamba la minazi Tanga. Nataka kumwandikia mdogo wangu hati kwamba "asimamie kila kitu changu". Sasa anasema nyumba angependa kuinunua yeye mwenyewe. Inafaa? Na nikifa, hati itaendelea?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Uwakala wenyewe hauna shaka. Mtume (s.a.w.) alimpa sahaba wake Urwa al-Bariqi dinari akamnunulie mnyama. Tabu iko kwenye maneno ya hati yako.

Kwa madhehebu ya Shafii, ukisema "nimekuwakilisha katika kila jambo langu, dogo na kubwa", uwakala hausihi. Ndani ya maneno hayo mna hata kumtaliki mkeo, na sidhani kama ndilo ulilokusudia! Taja kitu kimoja kimoja: nyumba ya kiwanja fulani, aipangishe na apokee kodi, shamba, aangushe nazi na aziuze.

Ukimruhusu kuuza nyumba ukanyamaza hapo, sheria inamfunga: auze kwa bei ya soko, taslimu, kwa sarafu ya hapo. Ukimwambia "uza kwa bei yoyote utakayo", umemlegezea bei tu. Kuuza kwa mkopo bado hana ruhusa. Na asikabidhi funguo kabla hajapokea pesa. Akikabidhi, kisha mnunuzi akapotea, ni juu yake kukulipa. Kesi nyingi za ndugu huanzia hapa: mnunuzi ni jirani, anaaminika, anaingia ndani kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Mbali na kuvuka mipaka au kuzembea, mkono wake ni wa amana. Pesa zikiibwa bila kosa lake, hadaiwi.

Kujiuzia mwenyewe hakufai, wala kumuuzia mwanawe mdogo, hata ukimpa idhini. Ndiyo kauli yenye nguvu kwa Shafii, kwa kuwa mtu mmoja hawi muuzaji na mnunuzi katika mkataba uleule. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali wameruhusu mwenye mali akiidhinisha. Lakini una njia nyepesi isiyo na khitilafu: muuzie wewe mwenyewe moja kwa moja, au mwakilishe mtu mwingine amuuzie. Kwanza pata makadirio ya mthamini, ili kesho dada zenu wasiseme umeibiwa.

Kama kuna kesi ya mpaka wa shamba, mwakilishe kudai na kujibu. Kukiri kwa niaba yako hawezi, na suluhu aifanye pale tu ulipomruhusu kwa maandishi.

Ukifa, uwakala umekufa papo hapo, na mali ni ya warithi. Akiendelea kuuza kwa hati ileile, anauza mali ya watu. Ukitaka asimamie baada yako, hilo ni wasia, uandike kwa karatasi nyingine na mashahidi. Hata ukiwa hai unaweza kumvua wakati wowote, naye anaweza kujitoa. Ukimvua, mjulishe kwa maandishi yeye na wapangaji.

Kwa upande wa serikali, isaini mbele ya ofisa wa ubalozi au notari, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Na kama nyumba hiyo ndiyo mnayoishi na mkeo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake kabla ya kuuzwa. Ichukue kwa maandishi. Wallahu aalam.