Oili inavuja juu ya injini, je ni hedi au ni tapeti kava?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, naitumia kwenda kazini na Jumapili kanisani basi. Kwa muda sasa nikisimama kwenye foleni nasikia harufu ya oili inaungua, nikifungua boneti naona kamoshi kanatoka upande wa egzosi, halafu asubuhi ikiwa baridi inamisi (inakatakata) mpaka ipate moto ndio inatulia. Fundi wa mtaani kaiangalia kasema gasketi ya hedi imekufa niandae laki nne na nusu ashushe hedi. Jirani yangu naye anasema hapana, hiyo ni gasketi ya tapeti kava, naweza hata kubadilisha mwenyewe hapa nyumbani. Nimsikilize nani? Spana za kawaida ninazo. (Msomaji, Kihonda, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Usitoe hiyo hela kwanza, maana kwa ulivyoeleza namuunga mkono jirani yako, ila tusikisie, twende tukaangalie.

Gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya kichwa cha injini na bloku (sehemu ya chini yenye silinda), ikifa mara nyingi inakuja na mambo ya maji: maji ya rejeta yanapungua huoni yanapovujia, gari inachemsha, egzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikiwa ya moto, au ukitoa stiki ya oili unakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Wewe hujataja hata moja. Ipo kweli hali ya gasketi ya hedi kuvujisha oili kwa nje, lakini hapo unyevu unaanzia chini, pale hedi inapokutana na bloku. Tapeti kava ni lile kopo la juu kabisa lenye mfuniko wa kuwekea oili, na gasketi yake ni raba tu inayozunguka ukingo. Ile raba ikikaa kwenye joto miaka na miaka inakauka inakuwa ngumu kama plastiki, oili inapenya na kuteremka mpaka kwenye egzosi manifoldi (yale mabomba ya chuma yanayotoa moshi kwenye hedi), inaungua, ndio hiyo harufu yako ya kwenye foleni. Ukiwa unatembea upepo unaipeleka nyuma huisikii.

Sasa fanya hivi, injini ikiwa baridi chukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo, futa pembeni yote ya juu mpaka iwe kavu, endesha siku mbili tatu halafu angalia na tochi unyevu umeanzia wapi. Ukianzia kwenye ukingo wa kava, jirani kashinda. Ila angalia pia distribyuta, ile inayopeleka waya za plagi, imekaa mwisho wa hedi upande wa gia boksi na ndani ina oringi yake (kipete cha raba) ambayo nayo inavuja sana kwenye hizi gari, na wengi wamebadilisha gasketi ya kava bure kumbe oili inatoka pale. Na ukiona upande wa pili, kwenye mkanda wa taimingi, kumelowa oili, hapo usiguse, hiyo huenda ni sili ya kemshafti (shafti ya juu inayofungua valvu) na mkanda ukishalowa oili unaharibika, mpelekee fundi.

Kuhusu kumisi asubuhi, chomoa waya moja ya plagi uangalie ncha yake. Ikitoka imelowa oili basi na zile sili za mviringo za mashimo ya plagi zimekufa, oili imejaa kwenye shimo na moto unapotea njiani. Kwa hiyo ukienda dukani usinunue gasketi peke yake, omba seti kamili yenye sili nne za mashimo ya plagi na zile wosha za raba zinazokaa chini ya nati. Kama ni Dar ungeenda mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea ukachagua, huko Morogoro pia zipo, ila beba namba ya chesisi au picha ya injini maana 4A, 5A na 7A zinafanana kwa macho na muuzaji akiwa na haraka anakupa yoyote. Na raba bonyeza kwa kidole kabla hujalipa, ikiwa imekaa dukani mpaka imekakamaa iache hapo hapo.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja ya Jumamosi. Injini iwe baridi kabisa, toa terminali ya hasi ya betri. Waya za plagi zibandike vikaratasi vya namba 1 mpaka 4 kabla hujachomoa, mpangilio wa kuwasha ni 1-3-4-2 lakini ukiweka alama huna haja ya kukumbuka hiyo. Chomoa kwa kushika kichwa cha raba, usivute waya. Kama mashimo yana oili, plagi ziache kwanza zilizibe shimo, nyonya oili kwa bomba la sindano lenye kampira kembamba, malizia na kitambaa kilichosokotwa kwenye bisibisi, ndio baadaye ufungue plagi, la sivyo ile oili na michanga yake yote inaingia kwenye silinda.

Toa mipira ya hewa iliyounganishwa na kava, ikiwa migumu izungushe taratibu maana kwenye gari ya umri huu inakatika kama biskuti. Fungua nati za kava, legeza kila moja kidogo kidogo kwa kupishana. Kava likigoma kutoka usiingize bisibisi kati yake na hedi, ile ni alumini ukiikwangua umejitengenezea mvujo mpya, ligonge pembeni kwa kipande cha mbao au nyundo ya raba litaachia lenyewe.

Hapa sasa ndipo watu wanapoharibu. Raba ya zamani itatoka vipande vipande, na chini yake unaweza kukuta silikoni (gundi ya kuzibia) ya fundi aliyepita. Yote itoke. Tumia kipande cha mbao au plastiki ngumu, sio kisu na sio msasa, vumbi la msasa likiingia kwenye kemshafti linasaga. Tandaza vitambaa safi juu ya kemshafti zote wakati unakwangua, na ule mfereji wa ndani ya kava unakokaa gasketi usafishe mpaka kwenye kona, kidole kipite usisikie kitu. Malizia kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nje kwenye hewa na pasiwepo mtu anayevuta sigara. Oili ikibaki hata kidogo pale, gasketi mpya itateleza na utarudi mwanzo.

Silikoni inatakiwa lakini tone tu. Paka kwenye kona ambapo kofia ya beringi ya kwanza ya kemshafti inakutana na hedi, na pale penye umbo la nusu mwezi, kwa sababu hapo kuna pembe ambayo raba haiwezi kuifuata vizuri. Sehemu nyingine zote raba inakaa kavu. Najua mafundi wengi wanazungusha silikoni gasketi nzima kama keki, mimi siipendi hata kidogo hiyo kazi, ile inayominyika ndani inakatika vipande, inaelea na oili mpaka kwenye chujio la pampu lililo ndani ya sampu (karai la oili chini ya injini), chujio likiziba injini inakosa oili na hapo ndio utazitafuta laki nne kweli.

Rudisha kava likae sawa bila kuburuza, hakikisha raba haijatoka kwenye mfereji, kaza nati kwa mkono kwanza zote. Halafu anzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kidogo kidogo. Nguvu yake ni ndogo mno, kwenye injini nyingi za Toyota za aina hii ni kati ya Nm 6 na 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), wakati nati za tairi za hiyo hiyo Corolla zinakazwa Nm 103. Ukiweza kuazima spana ya toki, ile inayopima nguvu hiyo, azima, usipopata shika spana fupi karibu na kichwa na ukaze kwa vidole na kiganja, ukihisi raba imekaa simama. Kukaza zaidi hakuzuii oili, kunapinda kava na kukata boliti.

Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla hujawasha. Ukiwasha itatoa moshi kwa dakika kadhaa, usiogope, ni oili ya zamani iliyobaki kwenye egzosi inaungua. Angalia kiwango kwenye stiki, ongeza kama imepungua, na kesho yake zungusha tochi tena pale pale ulipofuta. Ikiwa bado inamisi, huenda raba za waya za plagi zimeshavimba kwa oili, zikiwa hivyo nunua seti ya waya.

SWALI: Mimi nilishabadilisha gasketi ya kava kwenye Corolla yangu hata mwezi haujaisha inavuja tena pale pale. Gasketi feki au? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Inaweza kuwa feki, lakini kabla hujamrudia muuzaji chomoa ile valvu ndogo ya kupumulia iliyochomekwa kwenye raba juu ya kava, mpira wake unaenda kwenye inteki (njia ya hewa inayoingia kwenye injini). Itikise sikioni. Ikiwa nzima utasikia inacheza cha cha cha, ikiwa kimya imeganda kwa masizi. Ikiziba hewa ya ndani ya injini inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sehemu yoyote dhaifu, na dhaifu ya kwanza ni hiyo gasketi yako mpya. Wengine wanaisafisha kwa petroli, mimi nakushauri ununue mpya, bei yake haiumi, na ule mpira wake pia upulize uone kama unapitisha. Halafu niambie, wosha za raba chini ya nati ulibadilisha au ulirudisha za zamani? Zile zikishabonyea nati inafika mwisho kabla kava halijabana, unakaza unaona imegoma unadhani tayari.