Kabla hujasaini mkataba wa usiri kazini Uingereza

Mkataba wa usiri una kazi yake halali: kulinda bei, orodha ya wateja, namna bidhaa inavyotengenezwa. Uovu huanza unapotumika kumziba mdomo aliyenyanyaswa, na wakili akauandika kwa hoja kwamba mteja ameagiza.

Mwaka 1998 Zelda Perkins, msaidizi wa mtayarishaji filamu wa Marekani Harvey Weinstein, na mwenzake walisaini mkataba wa aina hiyo London, baada ya kumlalamikia bosi wao huyo kwa unyanyasaji wa kingono. Miaka 20 baadaye Perkins aliieleza kamati ya Bunge kwamba hakuruhusiwa kubaki na nakala kamili. Asiyeweza kusoma tena alichosaini huogopa kusema hata yale ambayo hakukatazwa, na hofu hiyo ndiyo inayonunuliwa.

Machi 2018 SRA, mamlaka inayosimamia mawakili wa England na Wales, ilitoa onyo rasmi. Wakili asiandike sharti la kumzuia mtu kwenda polisi, wala asitishie kwa kipengele anachojua hakina nguvu kisheria. Agizo la mteja si kinga, kwa sababu kanuni za SRA zinasema maslahi ya mteja yakigongana na ya umma, ya umma ndiyo hutangulia.

Ukiletewa mkataba wa kumaliza mgogoro na mwajiri wenye masharti ya usiri, anza na orodha ya unaoruhusiwa kuzungumza nao: polisi, daktari, wakili, mwenza wako, chama cha wafanyakazi. Kama haipo, dai iandikwe. Kwa mkataba uliosainiwa tangu 1 Oktoba 2025, mhanga wa uhalifu hawezi kuzuiwa kisheria kuwaeleza polisi, mawakili au wanaomtibu, lakini usitegemee kwamba mkataba utakukumbusha.

Kisha angalia sentensi inayokutaka uthibitishe kuwa hujui kosa lolote lililotendwa kazini. Kama unalijua, usisaini; utakuwa umesaini uongo utakaotumiwa dhidi yako. Sharti la kurudisha fedha zote ukitamka neno moja nalo lipingwe, au angalau liwekewe mpaka.

Muda je? Mwongozo wa Acas, taasisi ya umma ya ushauri na usuluhishi wa migogoro ya kazi, unataka upewe angalau siku 10 za kutafakari. Ukiambiwa usaini leo jioni la sivyo fedha zinaondoka, jibu kwa baruapepe ukitaja siku hizo.

Huwezi kuachia haki zako za ajira kwa mkataba huo bila ushauri wa mshauri huru mwenye bima, atakayetajwa ndani yake. Kwa kawaida mwajiri huchangia ada, lakini mshauri huyo ni wako. Muulize waziwazi, na akujibu kwa maandishi: nikiulizwa na mwajiri mpya nilivyoondoka, naruhusiwa kusema nini?

Wakili wa upande wa pili akikunyima nakala au akikutisha, tunza ujumbe wake na umripoti SRA. Mkataba haupaswi kukuzuia. Kama aliyezembea ni wakili wako, lalamika kwanza kwa ofisi yake. Isipokuridhisha, nenda kwa Legal Ombudsman, chombo kinachosikiliza malalamiko ya wateja kuhusu huduma za mawakili.