Documents si stoo ya gemu

Ndugu, unauliza kwa nini Documents yako imejaa mafolda ya gemu ambayo hukuyaunda wewe. Uzembe wa watengenezaji tu. Tangu toleo la Vista, Windows ina folda iitwayo Saved Games, ipo palepale ndani ya folda ya mtumiaji, lakini wengi wanaipita kama hawaioni. Hatua ulizofikia kwenye gemu zikae humo. Mipangilio inayohusu mashine yenyewe, kama ubora wa picha, iende AppData\Local (AppData ni folda iliyofichwa ndani ya folda ya mtumiaji, ya kuwekea data za programu). Vitufe ulivyojichagulia viende AppData\Roaming. Ukichanganya vyote kwenye faili moja, siku ukihamia kompyuta nyingine gemu inafunguka kwa vipimo vya skrini ya zamani. Kero tupu!

Linux mambo yamenyooka kidogo: mipangilio ~/.config, data ~/.local/share (alama ~ ni folda ya mtumiaji), ingawa nako wapo wanaomwaga faili popote.

Program Files, folda programu zinamosakinishwa, ndiyo isiguswe kabisa. Mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika humo, na kwa gemu za zamani Windows huhamishia faili kwenye folda ya VirtualStore, ndani ya AppData\Local, kimyakimya, ukazitafuta mpaka ukate tamaa.

Kabla hujafomati, nakili na AppData. Imefichwa, hivyo bonyeza Windows+R uandike %APPDATA%; itafunguka Roaming, nawe panda folda moja juu utaikuta Local kando yake.