Uhai mpya wa magemu ya adventure ulianza kabla ya Kickstarter ya 2012

Wengi husema kampuni ya magemu ya Double Fine ndiyo iliyofufua magemu ya adventure, yaani ya hadithi na mafumbo, ilipochangisha pesa kwa wachezaji kwenye tovuti ya Kickstarter. Hapana, Double Fine hawakuyafufua mwaka 2012. Walikuta moto unawaka tayari. Chanzo hasa ni Adventure Game Studio, programu ya bure ya kutengenezea magemu haya, ya Chris Jones wa Uingereza, iliyotoka 1997. Mtu mmoja chumbani kwake aliweza kutengeneza gemu zima la kubofya na kutatua mafumbo bila kampuni nyuma yake. Dave Gilbert wa New York aliitumia kutengeneza The Shivah, gemu aliloanza kuliuza 2006 chini ya kampuni yake, Wadjet Eye. Humo unacheza kama rabi, na kwenye mazungumzo unaweza kuchagua kumjibu mtu swali kwa swali. Zuri mno! Gemini Rue ya 2011 nayo imetengenezwa kwa programu hiyohiyo. Nimeyacheza yote mawili na bado nayapendekeza.

Ila 2012 isidharauliwe: Double Fine waliomba dola 400,000, wakachangiwa zaidi ya milioni 3.3. Hapo ndipo wenye pesa walipoamini kwamba wachezaji wapo. Na hata kabla ya hapo, kampuni ya Telltale walikuwa wakiuza magemu haya sehemu kwa sehemu, kama tamthilia, tangu miaka ya 2000.